Ekseli ya mbele nimejenga mwenyewe, na msiniambie tena habari za alaimenti

Naandika hii kwa sababu nimechoka kuona watu wanaambiwa "we chomelea tu bana, alaimenti wataweka sawa". Mimi niliambiwa hivyo hivyo, tena na mafundi wenye gereji zao na maneno yao mengi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujenga ekseli. Kwenye ekseli nzima, ile ya bomba moja toka tairi hadi tairi, ukishamaliza kuchomelea kitu unachoweza kurekebisha kwa spana ni kimoja tu, tou, yaani matairi yanavyotazamana kwa mbele. Unazungusha tairodi, kile chuma kirefu kinachounganisha tairi mbili za mbele, basi. Tairi kulala ndani au nje, na ule mlalo wa nakoli (kiungo ambacho tairi inakatia kona) kurudi nyuma ambao mafundi wanaita kasta, hivyo umeshavigandisha na moto siku ile ile. Jamaa wa alaimenti atakupimia vizuri sana, atakuonyesha namba nyekundu kwenye skrini, halafu atakudai hela yake.

Gari yenyewe ni Hilux ya suspensheni huru mbele, yaani kila tairi inapanda na kushuka kivyake. Toyota waliiondoa ekseli nzima kwenye pickup zao za 4x4 za Marekani kuanzia modeli za 1986, masoko mengine yakaendelea kuipata miaka mingi baadaye, kwa hiyo sijavumbua kitu, nimerudisha tu walichokitoa wao. Barabarani ile ya huru ni tamu sikatai. Ila kwenye mawe tairi moja inaning'inia hewani haifanyi kazi, buti za sivii, ile mipira inayofunika viungo vya shafti, zinachanika, na ukitaka kuinyanyua gari zaidi zile shafti zinakaa kwenye pembe mbaya mpaka zinalia.

Nikapata ekseli ya Land Cruiser, bomba lake limepinda vibaya, mwenye nayo aliiuza kama chuma chakavu na mimi nikalipa bei ya chuma chakavu nikanyamaza. Nilikuwa sitaki bomba. Nilitaka nakoli, haba zinazoshika tairi, hafu shafti zinazotoka difu hadi tairi, difu yenyewe (gia za katikati), na yale matufe ya mwisho ambayo nakoli zinazungukia. Vyote vilikuwa vizima. Bomba jipya nikachukua la kipenyo cha nje milimita 76, ukuta unakaribia milimita 10, na kitovu cha difu, ile nyumba ya katikati inayobeba difu, tukakitengeneza kwa bati nene.

Hapa kuna jambo watu wanalipuuza. Upana wa ekseli usiuchague kwa macho wala kwa kuangalia tairi zitokeze kiasi gani kwenye madigadi. Chagua kwa hafu shafti. Mimi nilipima zile za Land Cruiser, ndefu na fupi, nikakata bomba zifuate urefu huo huo, ili siku nikivunja moja porini nichukue ya kawaida ya dukani nivike niondoke. Kuna jamaa alijenga yake pana kwa sababu anataka sura, shafti zake ni za kutengenezwa kwa oda, na kila ikikatika gari inalala wiki kadhaa inasubiri. Na kabla hujakata chochote angalia transfa yako (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) inatoa propela ya mbele, ile shafti inayokwenda kwenye difu, upande gani, difu lazima ikae upande huo huo, hili sitalirudia.

Sasa tuje kwenye fimbo, hapa ndipo najisifu na sioni haya. Nilienda kwa mkerezaji na difu tupu, bila gia zake, krauni wala pinion, nikamwambia anikerezee visahani viwili vikae sawasawa pale zinapokaa beringi za difu, na vingine viwili vikae ndani ya matufe pale sili inapokaa. Vyote vina tundu katikati, na kwenye matundu hayo inapita fimbo moja ndefu ya chuma iliyonyooka. Ukifunga kila kitu ekseli nzima imejipanga kwenye fimbo, na fimbo unaizungusha kwa vidole viwili. Unachomelea kipande kifupi, unaruka upande wa pili, unachomelea kingine, unarudi, na kila mara unazungusha fimbo. Ikianza kuwa nzito unaacha, unaenda kunywa maji, chuma kipoe. Mkerezaji alinichaji kidogo sana ukilinganisha na faida yake, mpaka leo nadhani hakuelewa kazi ilikuwa ya nini.

Mabomba na kitovu vikaungana vizuri, fimbo inazunguka kama kawaida. Shida ilikuja na daraja. Daraja ni ule mbavu wa bati unaochomelewa juu ya ekseli toka upande hadi upande isipinde gari ikiruka. Mshono mrefu, wote uko juu, na mshono ukipoa unajivuta. Tulikwenda taratibu, tukaruka ruka, na bado asubuhi yake nimefika nashika fimbo haitikisiki. Nikavuta uzi wa kuvulia samaki kutoka ncha hadi ncha chini ya bomba, nikaweka rula katikati: ncha zote mbili zimenyanyuka, milimita 4. Ukizichomelea tufe hapo, tairi zako zinalala ndani kwa juu maisha yake yote.

Ushauri ukamiminika. Jeki! Haya, tukafunga ekseli kwa minyororo kwenye boriti nzito, tukaweka jeki ya tani 20 katikati, tukabonyeza. Rula ikaonyesha imenyooka. Tukabonyeza kidogo zaidi ikapinda upande wa pili, watu wakashangilia. Tukaachia jeki, ikarudi pale pale ilipokuwa. Tukarudia kwa nguvu zaidi mpaka mnyororo ukaanza kutoa sauti ambayo kila mtu aliisikia akasogea nyuma bila kuambiwa, tukaachia, labda ilipungua unywele. Bomba la ukuta wa milimita 10 lenye daraja juu halikuogopi wewe na jeki yako.

Mzee mmoja fundi wa mabomba alikuwa amekaa pembeni anatuangalia tu. Akasema, "Mwanangu, moto ndio umeipinda, moto ndio utainyoosha. Piga chini." Nikamwambia shikamoo upya kabisa. Alichukua mtungi wa gesi, akachagua doa chini ya bomba, ukubwa wa sarafu, akalipasha mpaka likawa jekundu. Mimi nipo kwenye uzi nasoma rula: milimita 4, 4 na nusu, 5. Nikapiga kelele mzee inazidi! Akacheka, akaondoa moto, akasema subiri. Chini ikiwa na moto inatanuka, kwa hiyo lazima ncha zinyanyuke zaidi, lakini lile doa jekundu limebanwa na chuma baridi pande zote, linajifinyanga, na likipoa linakuwa fupi kuliko lilivyokuwa. Linavuta. Baada ya kupoa kabisa hadi mkono unashika, rula inasoma 3. Tukahamia doa lingine upande wa pili wa kitovu, tukasubiri, tukapima. Mwisho wake fimbo ikalegea yenyewe tukiwa tunaiangalia, ikazunguka. Sijawahi kufurahia chuma kama siku ile. Hii ni kwa bomba la kawaida lakini, nyie wa Dana 60, zile ekseli nzito za Kimarekani, kitovu chenu ni chuma cha kusubu, hicho kinataka kipashwe kabla, elektrodi za nikeli, na kifunikwe kipoe polepole, msije mkasema nimewaambia.

Matufe ndiyo ya mwisho kuchomelewa, usikubali mtu akuharakishe. Kwanza difu niliielekeza pinion, ile gia inayopokea propela, ikatazama transfa, ndipo nikazungusha matufe mpaka kasta ikawa nyuzi 6, kushoto na kulia sawa. Gari ikinyanyuliwa juu pinion inataka kuinuka, na ukiinua pinion kwa kuzungusha ekseli nzima kasta inapotea, usukani unakuwa haurudi katikati wenyewe na gari inatangatanga barabarani. Ndiyo maana vile vitu viwili unavitenganisha hapa, kabla ya moto. Pima maji ya sumaku inatosha, ila pima mara nyingi na sakafu iwe imenyooka kweli.

Kwenye kufunga nakoli kuna shimu, vile visahani vyembamba vya kurekebisha mkazo, za beringi za juu na chini. Mafundi wengi wanakaza mpaka wanaona "iko poa". Chukua mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoana, ivike kwenye tundu la tairodi, vuta nakoli ikiwa haina sili ya nje, isome kama kilo 3 hadi 6 inapoanza kusogea. Pungufu ya hapo utapata mtikisiko wa usukani ukiwa na spidi, halafu utaanza kulaumu tairi.

Mkono wa usukani juu ya nakoli unashikwa na stadi nne zenye washa za koni, hizo zinalegea baada ya safari za mwanzo hata ukaze namna gani, kaza tena. Tou nimeweka milimita 3 kuingia ndani, inatembea imenyooka hata nikiachia usukani. Hosi za breki badilisha ziwe ndefu kabla ya kujaribu popote: inua chasisi mpaka tairi zining'inie kabisa, kata kona yote kushoto, kata yote kulia, na hosi bado iwe imelegea. Kama imevutika hata kidogo, siyo hiyo.