Kufunga begi la Pemba tukiwa Moshi

Watu wa huku wakisikia mtu anakwenda visiwani mwezi wa pili, neno la kwanza ni joto. "Utaiva huko." Siku hizi nawajibu kwamba joto tunalo hapa hapa. Februari, Moshi mjini jua hupanda hadi nyuzi 32 au 33, na aliyesimama stendi saa nane mchana hahitaji kuambiwa. Pemba haizidi hapo. Tofauti iko kwenye hewa. Hapa jasho linatoka na kukauka kabla hujalifuta. Kule linatoka na kubaki, kwa sababu hewa imeshabeba unyevu wa bahari na haina pa kuweka mwingine. Na mwili haupozwi na kutoka jasho, unapozwa na jasho kukauka. Halafu usiku ukifika, huku mlima unatuletea ubaridi wake tunavuta shuka. Kule usiku unabaki na joto la mchana, na unyevu unazidi.

Ndiyo maana wiki hii, tukijiandaa kwenda harusini Wete, kila kinachoingia begini nakiuliza swali moja: kikilowa, kitakauka lini?

Anayeolewa ni mdogo wake wifi yangu. Kaka alimwoa Mpemba, sisi tukapata ndugu na sababu ya kuvuka bahari. Safari hii Mama naye anakwenda, na kwake ni mara ya kwanza. Ameishi Kibosho maisha yake yote, juu kule kwenye migomba na kahawa, ambako mwezi wa saba hutoki nje asubuhi bila koti. Alishuka mjini Jumamosi na begi lake limeshafungwa. Nilipolifungua mbele yake nikakuta blanketi, sweta mbili, soksi za sufu, taulo nene jipya na viatu vya ngozi vya kanisani.

"Mama, blanketi la nini?"

"Mwanangu, mtu haendi kulala ugenini hana cha kujifunika."

Wifi alikuwa jikoni, akaja na kanga mkononi. "Mama, utajifunika hii. Na hii yenyewe saa sita usiku utaisukuma pembeni."

Mama aliishika ile kanga, akaipapasa, akaiona nyepesi mno. Namwelewa. Kwetu mlimani nguo nzito ni heshima kwa mwili na kwa mwenyeji wako pia, inaonyesha umejitunza. Sikutaka kumtolea vitu vyake kana kwamba ni mtoto, basi tukakubaliana tuvifue.

Jioni tulilowesha vitu vinne kwenye beseni moja: taulo lake, suruali ya jinzi ya kaka, kanga ya wifi na dera langu. Tukavikamua vyote kwa nguvu sawa, tukavitundika kwenye kamba ya ukumbini, madirisha tumefunga. Asubuhi kanga ilikuwa kavu, ungeweza kuivaa. Dera lilikuwa na unyevu kidogo kwenye pindo. Taulo lilikuwa limelowa vilevile, na ile jinzi kiunoni na mifukoni ilikuwa bado inachuruzika ukiibinya. Na hapo ni Moshi, hewa kavu ya Februari. Mama alivishika kimoja kimoja, kisha akalichukua taulo mwenyewe akalipeleka kuanika nje juani. Halikurudi begini.

Watu wa pwani wanajifuta maji kwa kanga au kikoi, na hilo halitokani na kukosa taulo. Taulo nene visiwani likishatumika mara mbili linaanza kunuka uvundo, kwa sababu halipati muda wa kukauka kati ya kuoga na kuoga, na kule utaoga asubuhi, mchana na kabla ya kulala. Kanga moja ni kitambaa cha kujifutia, ni shuka, ni mtandio wa kupita nao mtaani, ni cha kutandika boti ikijaa. Nimempakia Mama doti mbili, na mimi doti mbili.

Kwenye nguo nyingine nimekuwa mkali. Jinzi zote zimebaki. Poliesta nyembamba inakauka upesi, hilo nalikubali, lakini ukiivaa inakung'ang'ania mgongoni na haipitishi hewa, kwa hiyo nimeiacha pia. Nilikwenda Kiboriloni asubuhi ya mnada wa mitumba kutafuta kitani na pamba nyepesi. Huwa nakiinua kitambaa kuelekea juani: nikiona mwanga unapita, nanunua, mradi rangi si ya kuonyesha mwili. Nimepata magauni mawili ya kitani ya mikono mirefu, mapana. Watu hudhani joto linataka mikono wazi. Nguo pana yenye mikono hupitisha upepo, inazuia jua na inakukinga mbu, tena Pemba ndiyo inayokupa amani ya kutembea popote. Wapemba ni Waislamu karibu wote, na mgeni aliyefunika mabega na magoti anaonekana amewajali. Wifi hakuwahi kutuambia tuvae hivi au vile. Nadhani anasubiri kuona, na ningependa awe na furaha mbele ya mama yake.

Viatu vya ngozi nimemsihi Mama aviache. Ngozi visiwani huota koga, ile rangi ya kijivu kama vumbi, hata ikiwa kabatini siku chache tu. Badala yake ana kandambili za ndani, makubadhi ya harusini ambayo wifi atamnunulia huko huko, na yeboyebo za kuingilia baharini maana chini kuna mawe na viumbe vya miiba. Mama anasema haingii baharini. Yeboyebo zimo.

Sasa dawa, ambako nimetumia muda mwingi kuliko kwenye nguo.

Mama anatumia dawa za presha, na mojawapo ni ile ya kupunguza maji mwilini. Hii watu huisahau. Mtu anayekunywa dawa ya kumkojoza, ukimpeleka mahali atakapotoka jasho kutwa, anapoteza maji na chumvi kwa njia mbili. Anaweza kupata kizunguzungu akisimama ghafla, akaanguka. Sikutaka kuamua mwenyewe kuongeza wala kupunguza kidonge, tukaenda kliniki anakohudhuria, daktari akamweleza Mama taratibu: anywe maji bila kusubiri kiu, akijisikia mwepesi kichwani akae chini, na akipata kuhara asinyamaze. Akatuandikia pia dalili za kutupeleka hospitali. Karatasi hiyo nimeipiga picha. Kwenye begi la mkononi nimeweka pakiti za ORS na chupa ya maji ya lita moja. Mwili wenyewe huchukua kama wiki moja hadi mbili kuzoea hali ya pwani, na harusi haitusubiri kiasi hicho, hivyo siku za mwanzo Mama atakaa barazani kivulini, kazi za jua kali tutazifanya sisi.

Vidonge vyake nimekataa kuvimimina kwenye kile kiboksi cha siku saba. Nyumbani kiboksi kinafaa. Kwenye unyevu, kidonge kilichotolewa kwenye karatasi yake ya fedha hunyonya maji ya hewani, kinalegea, wakati mwingine kinapukutika. Vitabaki kwenye pakiti zake hadi dakika ya kumezwa, na havitakaa bafuni. Mwenye sukari angalie zaidi: vile vijiti vya kupimia huharibika upesi vikipigwa na unyevu, basi kichupa chake kifungwe kila mara, kwa mfuniko uleule.

Mafuta ya mgando nayo yamebaki Moshi. Huku tunajipaka mazito kwa sababu upepo wa mlima unapasua ngozi. Kule yanaziba vitundu vya jasho na harara inachipuka shingoni na chini ya matiti. Wifi amenunua poda ya kawaida, na ananikumbusha kujifuta vizuri katikati ya vidole vya miguu, kwani fangasi hupenda hapo. Nimeongeza chandarua chenye dawa na dawa ya kujipaka. Zanzibar wameipunguza sana malaria kwa miaka mingi ya kazi, lakini mbu wapo, tena wanaoeneza dengue huuma mchana.

Simu na chaja ziko kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vyeupe vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Nilivikusanya tangu mwaka jana kwa majirani, na watoto wameonywa havichezewi wala haviliwi. Kopo nimelichagua kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea si ya kupita nayo: Zanzibar waliianza marufuku yao kabla yetu, nasi huku bara tukafuata Juni 2019. Jambo jingine la simu: ukitoka chumba chenye kiyoyozi ukaingia kwenye joto la nje, kioo cha kamera hufunikwa ukungu papo hapo. Usikisugue. Kiache dakika chache kizoee, kisha piga picha yako. Bibi harusi hataingia mara mbili.

Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 2010, na kwao wifi kuna pangaboi sebuleni. Umeme ukikatika usiku ndipo utakapojua uzito wa hewa ile. Nimeweka taa ya kuchaji na pepeo mbili za ukindu, moja ya Mama awe nayo mkononi muda wote.

Kitu cha baridi kinachokwenda ni sweta moja. Si ya Pemba, ni ya njiani. Basi la Moshi hadi Dar linaondoka alfajiri, na ndani ya boti ya kwenda Unguja kiyoyozi hupuliza mtu akatetemeka huku nje watu wanavuja jasho. Mama alifurahi kuiona sweta yake inarudi begini, akachagua ile ya kijani. Kwa kichefuchefu cha bahari ana tangawizi mbichi, ndimu, na vidonge ambavyo daktari amevikubali visigongane na vya presha. Vitambulisho vya taifa viko mfuko wa mbele, maana boti huvihitaji.

Zawadi zilituchelewesha. Mama alitaka kubeba mkungu wa ndizi, akashawishika kwamba kwa safari ya basi, boti ya Unguja na boti nyingine hadi Mkoani, ndizi zitaiva njiani ziharibu kila kitu. Tumepatana juu ya maharage, ambayo yanavumilia, na kahawa ya Kibosho kutoka shambani kwake. Kahawa nilisema iende ikiwa punje nzima zilizokaangwa, isisagwe. Unga wa kahawa hunyonya unyevu ukapoteza harufu ndani ya siku chache, punje zinajilinda zaidi. Baba yake wifi ni mtu wa kukaa barazani jioni na wenzake na vikombe vidogo vya kahawa chungu. Kinu wanacho, watatwanga wenyewe. Mama amezichambua punje zile moja moja, akatoa zilizovunjika. Hakuna kitu begini kilichofanyiwa kazi hiyo.

Nimeacha robo ya begi tupu. Tutarudi na halua, mkeka labda, na viungo vya dukani. Karafuu nimewaambia wote mapema: kule Zanzibar karafuu ni mali inayosimamiwa na serikali kupitia shirika lake, ZSTC, na mtu hajazi begi kwa kupewa na shamba la jirani. Tukipata, tutapata kwa utaratibu, na risiti.

Nguo za harusi hazijaingia bado. Ndugu wa bwana na bibi wamepanga sare, na upande wetu tumepewa kitenge cha zambarau. Nilimpelekea fundi cherehani pale barazani mjini, nikamwomba asitie bitana. Alinitazama. Kitenge bila bitana, anasema, hakikai vizuri kwenye mwili wa mtu mzima, na jina lake liko kwenye kila gauni linalotoka pale. Nikamweleza ukumbi wa Wete usiku, watu mia kadhaa, kina mama wamekaa mkekani bega kwa bega, udi unafukizwa, kisha Mama yangu wa miaka sitini na kitu ndani ya vitambaa viwili. Akafikiri, akashauri aweke bitana kifuani tu, nyembamba ya pamba, sketi iachwe wazi na kiuno kilegezwe vidole viwili. Hilo ni wazo zuri kuliko langu. Kesho saa nne Mama anakwenda kujaribu.