Maharage ya Bibi

Masika ya 2011 nilikuwa likizo nyumbani Kibosho, juu ya Moshi. Jioni umeme ukakatika, na kompyuta niliyokuwa namwonyeshea bibi Game of Life, mchezo wa miraba inayoishi na kufa kwa kufuata sheria, ikazimika kabla hajaelewa kitu. Yeye alikuwa kwenye kigoda anachambua maharage kwa mwanga wa koroboi. Akanisogezea ungo. "Nionyeshe kwa haya."

Nilichora miraba kwa mkaa juu ya boksi. Sheria za mchezo huo alizotunga mwanahisabati Mwingereza John Conway, zilizotangazwa mwaka 1970, ni chache mno. Kila mraba una majirani wanane. Anayehesabiwa ni jirani mwenye harage tu. Harage lenye majirani wawili au watatu huishi. Wakipungua au kuzidi hapo, hufa. Mraba mtupu wenye majirani watatu kamili huzaa. Nikapanga maharage matano mekundu katika umbo ninaloliita kitelezi. Watakaozaliwa tukawapa njano.

Mara ya kwanza tuliharibu. Nilikuwa naondoa wafu papo hapo, hesabu ya majirani ikavurugika. Bibi ndiye aliyeona: "Usizike kabla hujawahesabu wote." Kweli kabisa, hatua yote huamuliwa kwa pamoja.

Tukaanza upya. Raundi ya kwanza yakabaki mekundu matatu. Ya tatu likabaki moja, limezungukwa na majirani wanne. Ya nne nalo likafa. Mbele yetu likawa umbo lilelile la mwanzo, limesogea mraba mmoja kwa mshazari, na lote ni la njano.

Bibi akaliinamia, kidole juu ya boksi.

"Mjukuu wangu, wangu wote wamekwisha. Sasa aliyetembea ni nani?"

Sikuwa na jibu. Hakuna sheria hata moja inayotaja kutembea, na hakuna harage lililohama mraba wake. Baadaye nilisoma kwamba mwanafalsafa Mark Bedau, mwaka 1997, alizungumzia uibukaji dhaifu: jambo la jumla linalotokana na vijisehemu vyake, lakini huwezi kulipata ila kwa kuiga hatua kwa hatua. Nalikubali wazo hilo. Hata hivyo swali la bibi naliona zito zaidi, maana yeye aliuliza kuhusu huyo anayetembea, kama yupo.

Tuliendelea hadi kitelezi kikagusa ukingo wa boksi. Bibi akainuka, akachukua koroboi, akaenda stoo kutafuta boksi jingine.