Mumeo akikoroma halafu akanyamaza ghafla, amka umsikilize

Jamani mnaolala na watu wanaokoroma, leo naongea na nyie kuhusu ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, kwa Kiingereza sleep apnea. Huku kwetu mtu akikoroma tunasema huyo kachoka, kapata usingizi mnono, muacheni apumzike. Baba Neema ni dereva wa malori, Dar-Tunduma na mara nyingine anavuka hadi Zambia, akirudi nyumbani analala usiku kucha lakini asubuhi anaamka mdomo umemkauka, kichwa kinamgonga, saa nne tu kashasinzia kwenye kochi na chai haijaisha kikombeni. Tukapima malaria hamna, taifodi hamna, damu ipo ya kutosha, mama mkwe akasema ni jinamizi linamkaba, bosi wake yeye akasema ni uvivu.

Kilichonishtua mimi ni kule kunyamaza. Anakoroma weee, halafu ghafla kimya, na sio kimya cha kutulia, kifua na tumbo vinahangaika kuvuta hewa lakini haiingii, naweka kiganja puani sisikii pumzi kabisa, nahesabu moyoni napita ishirini, ndo anashtuka na mkoromo mkubwa kama mtu aliyeibuka kutoka majini, anageuka ubavu, anaanza upya. Asubuhi ukimuuliza hakumbuki chochote! Nikamrekodi na simu.

Daktari wa masikio, pua na koo aliiangalia ile video mpaka mwisho kabla hata hajamgusa. Akatueleza kwamba tukilala misuli ya koo inalegea, sasa kwa wengine ulimi na zile nyama laini za nyuma zinarudi zinaziba njia ya hewa, oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unashtuka unamwamsha kidogo tu, koo lifunguke, mwenyewe hata hajui. Pumzi ikikata sekunde 10 au zaidi wanaihesabu, na ikifika mara 30 kwa saa hiyo ni hali mbaya kabisa. Yaani mtu anakurupushwa kila dakika mbili usiku mzima, halafu alfajiri anakabidhiwa semi imejaa mzigo ateremke nayo mlima Kitonga! Nililia pale pale mbele ya daktari. Na presha yake iliyokuwa haishuki pamoja na vidonge vyote vile, kumbe hii nayo inachangia.

Wanene ndio wanapata zaidi, hasa mwanaume mwenye shingo ya kuzidi sentimita 43 hivi, na bia za usiku na vidonge vya usingizi vinalegeza koo zaidi, ila wembamba nao wanapata, na watoto wenye mafindofindo makubwa pia, kwa hiyo mtoto anayekoroma kila siku msimuache tu.

Tiba aliyopewa ni mashine ya kuvaa maski puani usiku. Watu wanadhani ni mtungi wa oksijeni, hapana, ni hewa hii hii ya chumbani inasukumwa kwa nguvu kidogo ili koo lisifunge, aliyeibuni ni daktari wa Sydney kule Australia anaitwa Colin Sullivan, akaitangaza mwaka 1981. Bei yake sio ya mchezo, tulichanga ukoo mzima. Mwanzoni aliivua usiku akaitupa chini, nikawa namvalisha upya kila nikisikia imetoka, lakini sasa anaivaa mwenyewe na mchana yuko macho, anabishana mpira mpaka saa tano usiku, raha tupu.

Umeme ukikatika namlaza ubavu nimemuwekea mto mgongoni asirudi chali, inasaidia kiasi. Shida iliyobaki ni barabarani, maana analala kwenye kebini na betri ya lori ni volti 24, tumeambiwa kuna kifaa maalum cha kuunganisha mashine na betri ya gari, sasa mafundi wa mtaani nawaogopa wataiunguza. Mke wa dereva yeyote ambaye mumewe anaitumia safarini, naomba aniambie walifungaje na kwa fundi gani.