Nalipwa kutembea taratibu: siku yangu moja Ngazija

Saa 11 kasorobo alfajiri. Saa yangu ni adhana ya msikiti wa chini, alamu ya simu naiweka kwa woga tu. Kabla ya chai, kabla ya kitu chochote, nashika ule mti wangu mrefu naenda kupima birika, lile tangi letu la maji ya mvua. Nakaa Itsandra, kaskazini kidogo ya Moroni, mji mkuu wa Komoro, na kwa ambao hamjawahi kufika Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, niwaambie mapema: kisiwa kizima hakina mto. Hata mmoja. Mvua inanyesha, tena ya kutisha, lakini hili jiwe la volkano lina matundu kama sponji, maji yanazama yanakwenda zake baharini wewe umebaki unatizama. Ndo maana karibu kila nyumba ina birika la kukinga maji ya bati. Asa huu ni Septemba, kusi linaishaishia, mvua ya maana sikumbuki lini. Mti umetoka umelowa mpaka alama ya kiwiko. Kiwiko bado salama. Ukishuka ukafika kiganja ndo naanza kuomba maji ya gari na roho inaniuma kama nimeibiwa.

Mie Mzanzibari, bibi yangu mzaa mama ndo Mngazija mwenyewe, aliondoka huku msichana akaolewa Unguja na hakurudi tena. Nilikuja kutembea wiki mbili, huu mwaka wa sita. Kazi yangu natembeza wageni kwa miguu. Si kupanda mlima, Karthala ina mita 2361 na ina vijana wake wenye mapafu, mie wateja wangu ni watu wa magoti, wastaafu, wanaotaka kufuata pwani mdogo mdogo na kukaa kila penye kivuli. Mama aliponiuliza kwenye simu "kwani wanakulipa kwa kufanya nini hasa?" nikamwambia kutembea taratibu, akacheka mpaka simu ikamponyoka.

Saa 12 na robo nko ufukweni na chai yangu kwenye thermosi, galawa zinarudi. Huku ngalawa wanaita galawa, na ukizisikiliza Kiswahili na Kingazija kwa makini utaona ni ndugu waliogombana zamani. Nanunua samaki wawili wa mchana, namwachia kijana mmoja anisafishie, naangalia bahari. Leo bamvua, maji yatatoa kamili kama saa 4. Ratiba yangu yote inaamuliwa na hicho kitu, si mie wala si mgeni.

Saa 1 na nusu Moroni, karibu na msikiti wa zamani wa Ijumaa, ule mweupe wenye matao pale bandarini. Wateja wa leo watatu: mume na mke Wabelgiji, wote wameshapita 70, na dada mmoja wa Marseille ambaye wazazi wake ni wa hapa hapa Ngazija. Wale waliozaliwa Ufaransa wanaokuja likizo hapa wanawaita "jeviens", yani "nakuja", maana kila ukiwapigia simu jibu lao ni hilo hilo. Anajua lugha ya nyumbani nusu nusu, mie naijua kwa kupitia Kiswahili, kwa hiyo tunaokotana njiani. Dereva wetu ni mtu mzima, namwita Mjomba, dada akamwamkia "Kwezi" naye akaitika "Mbona", na mzee wa Kibelgiji akataka aandikiwe kwenye daftari. Afu ikaja ile ya marahaba. Kwetu marahaba ni jibu la shikamoo, huku marahaba ni ahsante. Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa nikinunua ndizi muuzaji ananambia marahaba, nikawa nafikiria kwani nimemwamkia saa ngapi huyu?

Barabara ya kaskazini sina la kusema, mashimo yana mashimo ndani yake.

Saa 2 na nusu hivi tunasimama kabla ya Hahaya, upande wa uwanja wa ndege, kwenye lava. Hapa huwa nawashusha wote hata wakisema wamechoka. Ukiwa ndani ya gari unaona weusi tu umeshuka mpaka baharini, ila ukichutama ni kitu chengine kabisa: imeganda na mikunjo yake, kama ule utando wa juu ya uji ukiusukuma na mwiko, mkunjo juu ya mkunjo. Ukipapasa upande mmoja laini, upande wa pili inakwaruza ngozi. Na kwenye kila ufa, kichaka kidogo cha majani ya kangaga, kibichi kabisa, hakuna udongo wala nini, sijui kinakula nini. Bibi wa Kibelgiji alikaa pale na kioo chake cha kukuzia robo saa nzima. Mumewe akauliza kama watu wanaogopa. Nikamwambia kuhusu Singani, kule kusini magharibi, mwaka 1977 lava ilitokea ubavuni mwa Karthala ikapita kijijini mpaka ikaingia baharini. Na Novemba 2005 mlima ulitema majivu yakaingia kwenye mabirika ya watu, sikuwepo, lakini jirani yangu akisimulia hasimulii moto wala ngurumo, anasimulia namna alivyofunua birika akakuta maji yamekuwa tope la kijivu. Mtu wa Ngazija ukimtajia volkano anawaza maji.

Saa 4 kasoro tuko Mitsamiouli, maji yametoa vizuri, viatu mkononi. Hii ndo sehemu nnayoipenda. Kisiwa chetu hakina fukwe nyingi za mchanga, pwani kubwa ni jiwe jeusi, kwa hiyo huku kaskazini penye mchanga mweupe panaonekana kama pamekosewa: jeusi, jeupe, jeusi, jeupe, na bahari ile rangi yake. Eneo lote hili liko ndani ya hifadhi ya Mitsamiouli-Ndroudé, pwani na matumbawe yake. Ila usifikirie geti na tiketi. Watu wanavua, wanafua, wanacheza mpira, mbuzi wanapita. Kuna sehemu ufukwe umebaki kokoto, mchanga umebebwa kwenda kufyatua matofali. Imekatazwa, inaendelea. Siwezi kumtukana mtu anayejenga chumba cha mwanawe, lakini kila mwaka naona pale tulipokuwa tunakaa hapakaliki tena.

Tunakwenda kwa mwendo wa kobe. Sheria yangu moja tu, hakuna kumwacha bibi nyuma. Dada wa Marseille akiona kitu mbele anarudi kutuhadithia.

Kwenye ufukwe wa Maluja karibu na palipokuwa hoteli ya Galawa, mzee akasimama, akaniuliza kama ndo hapa. Wageni wengi wa umri wake wanauliza. Ndo hapa, tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi iliishiwa mafuta ikaanguka majini karibu kabisa na ufukwe, watu 175 ndani, 125 wakafa. Watu wa hapa na wageni wa hoteli ndo waliokwenda na vijiboti kuokoa. Ndani alikuwemo Mohamed Amin, yule mpiga picha wa Kenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia 1984. Sisemi sana nikifika pale. Hoteli yenyewe ilishakufa na kubomolewa, maji yako shwari, watoto wanaruka kutoka kwenye mwamba. Dada wa Marseille alikuwa hajui hata moja katika hayo, na ni kijiji cha mama yake jirani tu.

Saa 6 na kitu. Swala, afu chakula chini ya mkungu: samaki wangu wa asubuhi kachomwa, mhogo, na putu, pilipili ya huku, naionya mara tatu na bado kila mgeni anaichota na kijiko. Mzee kalia machozi. Akauliza, kama wote wanavyouliza, kama samaki huyu ni yule gombessa, samaki wa kale ambaye Wazungu wanamwita coelacanth. Hapo huwa natoa noti ya faranga 1000, yupo amechorwa. Wataalamu walidhani ametoweka duniani miaka milioni 65 na ushee, mpaka akavuliwa mmoja Afrika Kusini 1938, wa pili akapatikana kisiwa jirani cha Nzuani 1952, na huko wavuvi wakashangaa wanaoshangaa, maana wao wanamjua, nyama yake haina hata ladha. Anakaa kwenye mapango ya lava chini huko mita mia na zaidi. Haliwi, havuliwi, marufuku. Noti ikarudi mfukoni.

Asa hapa ndo pa kosa langu. Galoni la maji lita 20 nililiacha garini, Mjomba tukakubaliana atatusubiri Bangoi-Kouni, sie tufuate njia ya pwani. Kumbe gari imepasuka tairi na spea nayo haina upepo. Na simu haishiki. Saa 8 jua la utosi, chupa zimebaki mate, soli ya kiatu cha bibi imefunguka kama mdomo wa samaki maana lava inakula viatu, nimeifunga na kamba ya begi langu. Miaka sita nafanya kazi hii nahubiri maji maji maji, afu nimetoka bila maji. Aibu niliyoiona sitaki kuieleza.

Nyumba ya kwanza ya kijiji, mlangoni kakaa bibi kizee, uso umepakwa msinzano, urembo wa huku, wa manjano, umekauka umepasuka kama ardhi ya kiangazi. Nikamwamkia, nikamwita Koko, yani bibi. Hakuniuliza mie nani wala hawa kina nani. Aliinuka kwa kushika magoti, akafunua bati la birika, akatupa kindoo chenye kamba. Nikasikia. Mnajua sauti ya ndoo ikifika maji mbali? Haikulia chubwi, ililia kwa kugonga sakafu kwanza, afu ikalalia ubavu, akawa anaitingisha tingisha ili ijae. Nusu ndoo. Akatuchotea kwa kikombe cha bati mmoja mmoja, bibi wa Kibelgiji kwanza, mie mwisho. Maji ya baridi yana harufu ya jiwe. Dada wa Marseille akanywa viwili. Sikumlaumu, hakusikia nilichosikia.

Mzee akatoa noti ya euro 5, zaidi ya faranga 2400 za huku. Koko akaiangalia kama vile kaonyeshwa kitu cha uchi. Nikamrudishia mfukoni mwenyewe.

Saa 9 na nusu tuko juu ya Lac Salé, ziwa la chumvi. Ni kreta, shimo la duara limejaa maji yanayopenya kutoka baharini, na bahari yenyewe iko hapo hapo, unasimama kwenye ukingo una maji huku na maji huku, hata moja hunywi. Rangi inabadilika na jua, muda ule ilikuwa kijani ya chupa. Hadithi yake nimeisimulia mara mia: palikuwa na kijiji, akaja mgeni, mtu wa Mungu, ana kiu, akaomba maji kila nyumba wakamnyima, isipokuwa bibi mmoja. Akamwambia bibi ondoka na watu wako. Usiku kijiji kikazama. Siku zote naisimulia na mikono, na sauti, naiigiza kabisa. Leo nimeisema kwa sentensi mbili tatu nikanyamaza, nadhani hata wao walijua kwa nini. Bibi wa Kibelgiji akauliza tu: yule mama aliyetupa maji, kwenye birika lake yamebaki kiasi gani? Nikasema kidogo.

Ivoini kwenye ule mwamba wenye miiba kama mgongo wa joka tukauona kwa mbali tu, kiatu hakikubali. Popo wakubwa wa matunda walishaanza kuruka na jua bado lipo, huku popo hawasubiri usiku.

Mjomba akatokea saa 10 na robo, jasho, mikono myeusi, anaapa kwa Mungu. Wala sikumgombeza. Tukarudi Bangoi-Kouni, nikateremsha galoni zima nikalipeleka mlangoni kwa Koko. Nikajua nafanya jambo la maana. Akanitizama. Akasema, kwa lugha yake lakini niliielewa yote: "Mwanangu, mie nimekupa maji ya kunywa, nimekwambia nimekukopesha?" Nikabaki nimeshika galoni kama mwizi. Dada wa Marseille ndo aliyeniokoa, alikaa chini kwenye kizingiti, akamtajia jina la mama yake na kijiji chake, Koko akaanza kuhesabu, fulani bin fulani, shangazi wa nani, mpaka wakakuta pa kuungana, na ikawa kumbe maji ni ya mjukuu kamletea bibi yake, hayo yanapokelewa. Akayapokea. Afu tukapewa madafu manne na tusingeweza kukataa.

Saa 1 usiku nyumbani. Miguu naiosha kwa kata moja na nusu, mchanga mweupe na mweusi unatoka pamoja. Mama kanitumia voisi ya dakika nne, nitaisikiliza kitandani. Kesho maji yatachelewa kutoa kama dakika 50, wateja wawili tu, njia ya Itsandra, karibu. Maji nimeshayaweka kwenye begi, si garini. Kiatu cha bibi kiko hapa mezani na gundi, kimelaliwa na jiwe la lava mpaka asubuhi.