Pumu na joto la Guangzhou
Ndugu zangu wenye pumu, hili nawasimulia nyinyi. Huku Guangzhou joto la Julai halisemeki, na ndilo Wachina wanalolingojea. Wanaamini pumu inayosumbua wakati wa baridi hutibiwa kiangazi, siku za joto kali ziitwazo sanfu. Hospitalini foleni ni ya wazee na watoto, wote wakisubiri kubandikwa dawa mgongoni. Nami nikapanga foleni.

Daktari alibandika unga wa haradali nyeupe uliokandwa kwa maji ya tangawizi, pande zote mbili za uti wa mgongo. Mwanzoni vuguvugu tu, halafu pakaanza kuwaka kama nimepakwa pilipili. Ukichelewa kubandua, unatoka malengelenge. Kuna pia moksa, majani makavu ya jamii ya pakanga yanayochomwa karibu na ngozi. Hiyo nilikataa, maana moshi huamsha pumu.

Jioni kifua kilikuwa chepesi, nashukuru. Lakini inhela yangu siiachi, wala daktari hakuniambia niiache. Dawa ya kuvuta ndiyo inayotuliza uvimbe kwenye njia za hewa. Na mama mwenye mtoto wa pumu, tafadhali usimbandike haradali nyumbani, ngozi yake itaungua.