Nafasi ya sita

Mwanangu yuko kidato cha pili, na wiki hii darasani wanasoma molekuli za viumbe hai. Nasema mwanangu ingawa aliyemzaa ni dada yangu. Ananiita mamdogo, na anakaa kwangu hapa Mwanza ili awe karibu na kliniki. Ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Jioni alinisomea daftari lake bila kukwama hata mara moja. Wanga hutoa nguvu. Mafuta huhifadhi nguvu. Protini hujenga mwili. Asidi nukleiki hubeba taarifa za urithi. Yote sahihi, na mtihani utauliza hivyo hivyo. Ila mimi nilikuwa natazama macho yake, ambayo juzi yaligeuka njano tena, nikawa najiuliza kama kuna mtu amewahi kumwambia kwamba hilo daftari linamhusu yeye.

Maana vitu hivyo vinne havikai mbalimbali kama vilivyopangwa kwenye ukurasa. Lile tone ambalo muuguzi humtoa kidoleni linatosha kuonyesha. Kila seli nyekundu imezungushiwa utando wa mafuta wa tabaka mbili, vichwa vya molekuli zake, vinavyopenda maji, vikielekea nje na ndani, mikia ikijificha katikati. Juu ya utando huo zimeota sukari, na ndizo zinazoamua kundi la damu: mwenye kundi A ana sukari moja ya ziada kwenye ncha, mwenye B ana nyingine, mwenye O hana ya ziada. Dada aliwahi kukesha akipigia ndugu simu kutafuta mtu wa kundi O. Sukari ile isiyokuwepo ndiyo aliyokuwa akiitafuta, na hakuna aliyemweleza. Ndani ya seli kumejaa himoglobini, ambayo ni protini inayobeba oksijeni, molekuli zipatazo milioni 270 kwenye seli moja. DNA, ile asidi nukleiki ya urithi, humo hutaiona, kwa sababu seli nyekundu inapokomaa hukitupa kiini chake. Maagizo yamebaki kwenye uboho, ndani ya mifupa, ile ile inayomuuma.

Himoglobini ina minyororo minne ya asidi amino, vile vipande vinavyounda protini: miwili ya alfa, yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili ya beta yenye 146. Kwenye mnyororo wa beta, nafasi ya sita, wengi wana asidi ya glutamiki. Mwanangu ana valini. Basi. Kwingine kote yuko sawa na mtoto yeyote wa darasani kwake.

Asidi ya glutamiki ina chaji, inakaa vizuri na maji. Valini inayakimbia, kama mafuta yanavyojitenga juu ya mchuzi. Himoglobini ikiwa imebeba oksijeni hakuna tatizo. Ikishaishusha, umbo lake linabadilika kidogo, na ile valini inakuta kwenye molekuli ya pili kijishimo ambacho nacho hakipendi maji. Inajichomeka hapo. Ya tatu inashika ya pili, ya nne inashika ya tatu, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma seli kutoka ndani hadi inapinda kama mundu. Seli ya namna hiyo hukwama kwenye mishipa midogo. Ndipo unamsikia usiku anaomba umkandamize mapaja kwa nguvu, zaidi ya hapo mamdogo, zaidi. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Zake mara nyingi hazifikishi hata 20, na ule unjano wa macho ni mabaki ya himoglobini iliyovunjika kabla ya wakati.

Waliogundua haya hawakuanza kwa kutafuta nafasi ya sita. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walipitisha umeme kwenye himoglobini za watu wasiougua na za wagonjwa wa sikoseli, wakaona haziendi sawasawa, kwa hiyo chaji zilitofautiana. Wakauita ugonjwa wa molekuli. Mnamo 1956 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, aliikata himoglobini vipande vipande na kukuta tofauti iko kwenye kipande kimoja tu. Mwaka uliofuata akaonyesha ni asidi amino moja. Baadaye ikajulikana kwamba kwenye DNA ni herufi moja, A iliyogeuka T, kati ya herufi zaidi ya mia nne zinazoagiza mnyororo ule. Nimejaribu kukasirikia herufi moja. Haikasirikiki.

Watu wana urahisi zaidi wa kumkasirikia mtu. Mtoto alizaliwa mzima kabisa, mnene, anacheka na kila mgeni. Alipofikisha miezi kadhaa vidole vikavimba, mikono na miguu, akawa halali. Upande wa baba yake wakasema kuna mkono wa mtu, kisha wakasema damu mbaya imetoka kwetu. Imetoka kwetu, ndiyo. Mimi na dada tulipimwa, sote ni AS, tumebeba jeni moja bila kuugua. Lakini ili mtoto awe SS, yaani mgonjwa, lazima na baba yake atoe ya kwake, na alipopimwa alikuwa nayo. Uwezekano ni robo kwa kila mimba. Wifi zake dada hawajawahi kurudi kuyazungumza yale.

Kwa nini sisi wa Ziwa tunayo jeni hiyo kwa wingi hivi, alilieleza Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alifuatana na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya, akakusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali, akaona wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache nyanda za juu. Palepale penye mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria. Nilipokuwa mdogo niliugua malaria mara nyingi, na kila mara nikapona. Jirani zetu walizika. Siwezi kuapa kwamba valini ndiyo iliyonivusha, ila siku mtoto anapolia huwa nalikumbuka hilo, na sijui nilifanye nini.

Turudi kwenye ule uzima wa kuzaliwa, kwa sababu dawa ya sikoseli imejengwa hapo. Tumboni mtoto hutumia himoglobini nyingine, ambayo badala ya beta ina mnyororo wa gama, na huo hauna valini kwenye nafasi ile. Baada ya kuzaliwa mwili huiacha taratibu, na ugonjwa hujitokeza. Vidonge vya haidroksiyurea anavyomeza kila siku huufanya mwili uitengeneze tena kwa kiasi. Hata ile tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, ambayo Marekani bei yake ni dola milioni 2.2, inaamsha himoglobini hiyo hiyo ya tumboni. Kwa bei hiyo sisi tutaendelea na vidonge.

Na kidonge chenyewe ni nini? Ni yurea, ile ya kwenye mkojo, iliyoongezwa atomi moja ya oksijeni. Nilipomwambia alicheka mpaka akapaliwa, anakunywa mkojo! Nikamweleza kwamba mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler aliitengeneza yurea maabara bila figo ya kiumbe chochote, wakati wasomi wengi waliamini kitu cha mwilini hakiwezi kutoka nje ya mwili. Akaandika hilo pembeni mwa daftari, chini ya asidi nukleiki, ingawa mwalimu hajafundisha.

Alhamisi anapimwa damu tena. Dawa hiyo inaweza kushusha seli nyeupe, na daktari anataka kuona hesabu yake kabla ya kumpandisha dozi, maana tangu mwaka jana ameongezeka uzito.