Siku mbili Ziwa Ellis na watoto

Tumerudi jana kutoka Mlima Kenya na viatu bado viko nje vinakauka, wacha niandike kabla nisahau.

Tulikuwa wanne, mimi na baba watoto, msichana wetu wa miaka 11 na kaka yake wa 8, plus kiongozi na wapagazi wawili wenyeji wa Chogoria. Tulipandia huko huko Chogoria, upande wa mashariki. Kutoka mjini hadi geti ya KWS, wale wa wanyamapori wanaosimamia mbuga, ni landikruza tu, matope mpaka tairi zinateleza, msitu mnene halafu mianzi halafu kinyesi cha ndovu katikati ya barabara, bado kibichi. Geti iko karibu mita 2,950 na tulilala hapo usiku wa kwanza ili miili izoee hewa ya juu. Kama mna watoto huo usiku msiuruke jameni.

Kesho yake tukatembea. Kijana alitaka kukimbia, kiongozi akamwita nyuma kila saa, "polepole, polepole," na mchana tukafika ziwani, kama mita 3,500 hivi, ziwa dogo limetulia kwa nyasi, trauti wako ndani, na mawingu yakifunguka unaona vilele kule juu, Batian yenyewe, kilele kirefu kuliko vyote, mita 5,199. Hakukuwa na mtu mwingine. Sikia mimi nimeishi Nairobi miaka yote hiyo na sikuwa nimewahi kusikia kimya kama kile.

Wali ulitusumbua. Maji huko yanachemka mapema, digrii 88 hivi, kwa hivyo unaona sufuria inatokota na mchele bado mgumu, gesi inaisha. Wapagazi walikuwa wamebeba githeri iliyoiva tayari nyumbani, wakatugawia, Mungu awabariki.

Usiku kijana akaamka analia kichwa. Niliogopa sana. Kiongozi akaja na tochi, akamuuliza maswali, akamtembeza kidogo kuona kama anayumba, akampa maji. Akaniambia, "Mama, hatapiki na anatembea sawa. Tukae naye, lakini ikizidi hata kama ni saa nane usiku tunashuka." Nilikaa macho nimemshika mkono mpaka kukapambazuka, akaamka anauliza uji uko wapi.

Mpango ulikuwa tuendelee Ziwa Michaelson, lile liko ndani ya bonde la Gorges karibu mita 4,000. Baba watoto alilitamani kwa miaka, picha yake iko kwa simu yake tangu zamani. Alimwangalia kijana anakunywa uji, akasema basi, tunabaki hapa. Nilimpenda sana asubuhi hiyo.

Na ndio tukapata siku nzima ya bure. Msichana akagundua lobelia, ile mimea kama kabichi kubwa inayoshika maji katikati ya majani. Juu ya maji kulikuwa na barafu nyembamba, akaivunja kwa kidole, chini yake maji bado ni maji. Kiongozi akamwonyesha, hayo maji ndio yanalinda kichipukizi ndani kisigande, na jioni majani yanajikunja kukifunika. Hakuamini. Kwa hivyo saa kumi na mbili kasoro akavaa jaketi ya babake, akakaa chini mbele ya moja akingoja, na sisi tukangoja naye, baridi ya kukata, mpaka kweli yakaanza kuinuka polepole sana.

Usiku wa pili pale ziwani, kijana akiwa ndani ya slipingibegi mpaka masikio, dadake alitoka na tochi kuzizungukia zile lobelia.

"Imefunga?" akamwuliza kwa sauti kutoka kwa hema.

"Imefunga."

"Na ile ya karibu na maji?"

"Hiyo pia. Lala."